Pua ya Meneja

Kijiwe cha Kapkatet kilikuwa kiti cha nyuma cha basi bovu, kimeegemezwa kwenye ukuta wa duka la mbolea. Hapo watu walikunywa kahawa ya Wamuyu, maana chai walikuwa wameichoka tangu utotoni: kuipalilia, kuichuma na kuigombania kwenye mizani. Siku hiyo ya soko, mwaka 1995, Wakili alikuwepo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa aliwahi kwenda kortini mara moja kutoa ushahidi. Gitonga naye alikuwepo, dereva mstaafu wa lori, jina la kijiweni Breki, kwa vile ulimi wake haukuwa na breki hata moja. Katikati yao alikaa Daktari Janeffer Chepkemboi, mpwa wa Wakili, msomi wa saikolojia ya watu kazini.

Janeffer alikuwa ameacha kufundisha chuo kikuu akafungua ofisi mjini Kericho, kazi yake kuwashauri wakubwa wa makampuni. Kisomo chake hakukitilia shaka hata chembe, wala hakuona haya kukisema. Ila kiwanda kimoja cha chai ndicho kilichokuwa mteja wake mkubwa wa kwanza, na mameneja wa chai wanajuana wote. Mmoja akikusifu, milango inafunguka mpaka Nandi. Akikununia, unarudi kushika chaki.

— Hebu tueleze tena, alisema Wakili. Kesho unasomea wakurugenzi ripoti. Shida ya hicho kiwanda ni gani?

— Manyapara wanaacha kazi, mjomba. Wakiajiri wengine, hao pia wanaenda. Meneja akaniita nitafute sababu.

— Na umeipata?

— Nimeipata. Sababu ni meneja.

Breki aliweka kikombe chini polepole.

— Hakuna mtu anaweza kuwasha mashine mpaka yeye anuse majani, Janeffer aliendelea. Nyapara ako hapo, anaona majani yamenyauka vizuri, lakini anangoja pua ya mkubwa. Meneja akienda Nairobi, majani yanaharibika, na akirudi ni nyapara anagombezwa. Sasa nani atakaa?

— Na ni huyo huyo atakusifu kwa wenzake? Breki aliuliza.

— Ni huyo huyo.

— Hiyo kesi ni rahisi, alisema Wakili. Asiyekuwapo na lake halipo. Wekelea makosa wale manyapara walienda. Hawawezi kukata rufaa.

— Huo ni uongo, mjomba.

— Ni utetezi.

— Mimi naona aseme ukweli, alidakia Breki, lakini kwa Kizungu kigumu sana. Wakurugenzi wataogopa kuuliza maana, watapiga makofi, basi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa hivyo soma haraka umalize.

Wamuyu alikuwa akijaza vikombe.

— Kanisani kwetu kuna mzee alikataa kuachilia maikrofoni, alisema. Tukamchangia safari ya Yerusalemu. Hiyo Jumapili tuliimba vizuri sana.

— Sasa nyinyi sikizeni, alisema Breki. Hiyo pua ikatiwe bima. Milioni kadhaa. Watu wa bima wako na masharti: pua ya bei hiyo haiwezi kukaribia joto, vumbi ama majani mabichi. Meneja anakaa ofisini na heshima yake, nyapara anawasha mashine.

— Na ikishikwa na mafua? Wakili aliuliza.

— Kampuni inalipwa.

Janeffer alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sketi. Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja muuza mitumba, Syprose, mgeni hapo Kapkatet, akinywa kahawa huku akingoja marobota yake yashushwe.

— Mnisamehe, mimi si wa hapa, alisema. Lakini huyo meneja mwenyewe, kuna mtu amemwambia?

Wakili alikohoa. Breki aligeuka kumtazama Janeffer.

Janeffer aliona aibu, ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa amewahoji manyapara, makarani, wachumaji, hata mpishi wa kantini. Meneja alipokutana naye mlangoni na kumuuliza kazi inaendaje, alimjibu kwamba inaendelea vizuri. Kumbe na udaktari wake wote alikuwa amemwogopa sawa na nyapara yeyote, na kesho alitaka mtu huyo ayasikie mambo yake mbele ya wakubwa wake.

Alisimama, akafunga vifungo vya koti.

— Unaenda wapi? Wakili aliuliza.

— Kiwandani. Anatoka jioni, nitampata.

— Na akikufukuza?

— Anifukuze, mjomba. Lakini nitakuwa nimemwambia mimi, uso kwa uso. Hiyo kazi naiweza.

Aliposema hivyo aliona ni kweli, na miguu ikawa myepesi.

— Daktari, rudi uketi kwanza, alisema Wakili. Jambo kubwa kama hili halifanywi hivyo. Ngoja sisi tukubaliane hapa, ndio uende.

Janeffer alikuwa ameshavuka barabara.