Fundi Aliyepiga Gitaa Pasi Ikipata Moto

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, fundi nguo mliyemzoea kwa jina la Kila Siku, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda kuona mtu amenuna, atakayecheka asione haya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mwalimu na mkunga, akasoma shule ileile aliyofundisha baba, jambo ambalo hakulifurahia hata kidogo, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, kisha akaenda kwa mjomba wetu kujifunza kushona. Mwaka 1979 alifungua chumba chake cha kazi, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yangu, mpishi wa hospitali, tuliye naye hapa, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja, kitindamimba.

Gitaa alilinunua mwaka 2004 kwa mteja aliyekuwa akihama, akijipa moyo kwamba mtu aliyezoea uzi hawezi kushindwa na nyuzi sita. Kwa kuwa sare za shule hushonwa zote kwa mkupuo, aliona na mazoezi yaende vivyo hivyo, akawa anapiga Jumapili kutwa nzima, halafu haligusi wiki nzima, matokeo yake Jumatatu vidole vimevimba hata sindano haishikiki, na Jumapili inayofuata ameshasahau kila kitu. Mpiga gitaa wa bendi, aliyekuja kupunguziwa suruali, alimcheka sana, akamwambia vidole ni visahaulifu, vinataka kukumbushwa kidogo kidogo kila siku. Tangu hapo, kila asubuhi akishatia mkaa kwenye pasi, alipiga gitaa mpaka pasi ipate moto, awe mzima au ana mafua, na wateja wakajua kwamba kabla ya hapo hata salamu haijibiwi. Jirani yake, fundi redio, aliyesikia mwanzo wa wimbo mmoja kwa miezi, alimwomba kwa heshima zote siku moja aanzie katikati.

Novemba 2015 alipata kiharusi, na mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, ukalegea. Binti yake alikuwa ameshamwomba ampigie siku ya harusi, naye alikuwa amekubali, kwa hiyo sote tulimsihi aachane na habari hiyo, hata binti mwenyewe akasema atatafuta bendi, lakini kaka alilipakata gitaa lake. Alikishika kidole kwa mkono wa kulia, akakiweka kwenye uzi, kikateleza, akakiweka tena, huku shemeji akitia mkaa kwenye pasi kila asubuhi, ingawa hapakuwa na nguo ya kunyoosha, ili mumewe ajue muda wa kuanza na wa kuacha. Siku uzi ulipolia vizuri, fundi redio alikuja mbio, bisibisi mkononi, akasimama mlangoni na kusema, "Mzee, leo anzia mwanzo."

Tarehe 22 Aprili 2017 aliketi mbele ya wageni akapiga wimbo mzima, polepole, akakosea, akarudia palepale bila wasiwasi, na bibi harusi akaingia ukumbini kwa mwendo wa vidole vya baba yake. Nililia kwa furaha, na wanaume niliokaa nao meza moja walilia pia, leo wasijifanye hawakumbuki.

Mwezi uliopita moyo wake ulianza kumsumbua, akalazwa, na gitaa likaingia wodini. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alifanya mazoezi yake, akamwambia shemeji kwamba kuna sehemu moja bado haijakaa sawa, ataishughulikia kesho, akajilaza, hakuamka tena.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi wa zamu aliyejifanya halioni gitaa, mafundi wenzake, na majirani wote, hasa wa ukuta mmoja, kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Kaka, ile sehemu shemeji anasema ilikuwa imekaa sawa kabisa, na yeye ndiye aliyekusikiliza miaka yote, kwa hiyo kesho huna mazoezi, pumzika tu, kwa amani.