Mashua ya Marehemu Baba Yawekwa Mito

Kwa heshima zote natangaza kwamba mwanafunzi wa bweni hasikilizi mazungumzo ya wakubwa. Mimi nilikuwa nakoroma tu ndani ya basi, jicho moja likiwa zamu.

Kiti cha mbele yangu, mama mmoja alimweleza jirani yake wa kiti kwamba mashua ya uvuvi ya marehemu baba yake imenunuliwa na kugeuzwa ya matembezi, naye amealikwa safari ya kwanza siku hiyo, ufukweni. "Sijui kama nitapanda. Chombo kilichotulisha, leo kinabeba watu wa kupunga upepo."

Jirani akacheka. "Dada, mashua hiyo imenifuata mpaka kwenye basi? Fundi aliyeigeuza ni mimi."

Mama akamgeukia mzima mzima. Palipokaa samaki pamekuwaje? Viti vyenye mito. Na harufu? "Nimepiga randa mpaka mikono ikaomba likizo. Jua likiwaka, bado inanuka samaki." Mama akatabasamu kama aliyesifiwa manukato.

"Na ule mfuo ukingoni, uliochimbwa na kamba ya baba?"

"Tajiri aliyeinunua alitaka niuzibe. Nikamwambia mbao itapasuka."

"Ingepasuka?"

"Wapi! Nilimdanganya. Mkono uliovuta mpaka mti ukakubali, mimi nani niufute?"

"Lakini mito, fundi."

"Bora mito kuliko kuni, dada."

Basi likasimama ufukweni. Fundi akainuka, mama hakuinuka. Akageuka nyuma, akaniuliza: "Na wewe uliyeacha kukoroma tuliposema kamba, ungepanda?"

"Shikamoo, mama. Ningepanda," nikakiri. "Na kituo changu tulikipita kwenye habari za randa."