Restituta Hakumsamehe Mwenyekiti

Baba Padre, wazazi wetu, majirani wa Bukiriro nanyi mliotoka Mugoma na Biharamulo, familia imenituma mimi, Xavery, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, na imeniagiza nisiruke kitu.

Restituta alizaliwa hapa Bukiriro tarehe 11 Februari 1941, akamaliza shule ya kati mwaka 1956, kisha akasomea kazi ya mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya misheni, akawa akiwanyoosha watoto waliopooza na wazee waliovunjika nyonga, hadi tarehe 6 Agosti 1966 alipofunga ndoa na Leonidas, wakajaliwa Zita, Bonifasia na Anatoli.

Anatoli alizaliwa tarehe 20 Agosti 1974, wiki ile ile Operesheni Vijiji ilipotufikia, Leonidas akiwa safarini Mwanza. Restituta alimwomba mwenyekiti wetu, Desderius, amwache kwanza apate nguvu, Desderius akawageukia mgambo akasema, "Ezueni," na nyumba ikaezuliwa yeye akiwa ndani ananyonyesha. Alibeba mzigo kichwani na mtoto mgongoni hadi kijiji kipya, bega la kulia likakaza hata asiweze kumpakata mtoto, matiti yakajaa maziwa yasiyotoka, homa ikampanda, mwishowe maziwa yakakauka kabisa, na tarehe 17 Septemba Anatoli akafariki. Tangu siku hiyo Desderius hakuisikia tena shikamoo ya Restituta, ingawa alimzidi umri kwa mbali.

Restituta alipopona alifungua chumba chake kwa wanaonyonyesha. Aliyekuja na titi gumu alikandwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kupapaswa taratibu kuelekea kwapani, aliyekaza shingo alinyooshwa mabega na kifua, aliyepinda mgongo alionyeshwa kumwinua mtoto kwa kanga iliyokunjwa badala ya kumwinamia. Mikono ikiwa kazini, alikuwa akiwaambia, "Haya yalinipata mimi, na aliyenitenda ni Desderius," hivyo kila mama aliondoka na maziwa yakitoka na jina hilo masikioni, na uchaguzi wa kijiji ulipofika, wanawake walimwangusha.

Januari 1979, mwana wa Desderius akiwa vitani, mke wa mwana huyo, Ernesta, alijifungua, matiti yakawa mawe, shingo haigeuki, mtoto analia njaa, na Desderius akamleta kwa baiskeli. Restituta alimwingiza Ernesta ndani, akamhudumia kama wengine wote hadi maziwa yakachuruzika, kisha akatoka uani walipokuwa wamekaa akina mama wakisubiri zamu.

"Mama Zita, nashukuru sana," Desderius akasema.

"Mwanangu aliitwa nani?"

"Ile ilikuwa amri kutoka juu, mama."

"Sikuulizi amri. Aliitwa nani?"

Hakulijua jina. Restituta akamwambia, "Anatoli," akamtaka alitamke mbele ya wanawake wale, akalitamka, kofia mkononi, akaomba asamehewe. Restituta akamjibu, "Hapana," akarudi ndani kumfundisha Ernesta kunyonyesha akiwa amelala ubavu. Jioni ile alikula akamaliza sahani, akatania watoto, nasi hatukuwa tumemwona hivyo tangu msiba ule.

Novemba mwaka huo alianza kuugua tumbo, madaktari wakakuta uvimbe kwenye ini, na tarehe 2 Machi 1980, saa nne asubuhi, akafariki nyumbani kwake, Leonidas akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, majirani waliotuletea kuni na maji, na kwa namna ya pekee Ernesta, aliyemwogesha muda wote wa ugonjwa wake na ambaye yupo nasi hapa na mwanawe.

Mzee Desderius, tumekuona umekaa pale nyuma. Marehemu aliacha neno moja juu yako, kwamba usitupe udongo kaburini mwake, na familia inalisimamia neno hilo.

Lala salama, dada Restituta. Hatutamsamehe kwa niaba yako.