Mwalimu Ndunge Kyule, Aliyehamia Upande Mwepesi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha Historia na Serikali, Mwalimu Ndunge Kyule anastaafu tarehe 31 Agosti mwaka huu. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia hapa hapa Shule ya Upili ya Heri Njema, Kariobangi, na sisi tuliogawana naye chumba cha walimu bado tunabishana nani atarithi kiti chake cha dirishani.

Alizaliwa Wamunyu, binti wa mchonga vinyago, akaja Nairobi na cheti cha ualimu na sauti isiyohitaji kipaza. Somo alilolipenda kuliko yote ni jinsi mataifa yanavyozuiana yasimezane: yanavyofunga miungano, yanavyojiwekea silaha, yanavyoacha nchi ndogo katikati ili wakubwa wasigusane mabega. Kulieleza, alilitoa darasa zima uwanjani kuvuta kamba. Upande uliokuwa ukishindwa aliusaidia. Ukianza kushinda, aliuacha akahamia wa pili. Ndivyo Uingereza ya zamani ilivyohama, alisema, kila taifa moja la Ulaya liliponona kupita kiasi. Siku moja mkaguzi wa elimu alishawishika kuishika kamba hiyo. Ikakatika, naye akaangukia matopeni pamoja na Kidato cha Tatu. Hata hivyo ripoti yake ilitusifu.

Miaka minane iliyopita somo hilo lilitoka kitabuni likaja langoni kwetu. Wanafunzi wa Kariobangi, kwa kuwa walikuwa wengi, waliutawala uwanja na lango la shule. Wenzao kutoka mitaa ya Eastleigh na Tassia walipita kwa ruhusa yao. Kinara wao alikuwa Gordon Wakoli wa Kidato cha Nne. Mwana wa Mzee Ondiek wa Tassia alipovunjwa mkono langoni, Gordon alisimamishwa masomo kwa muda, akarudi, na mambo yakabaki yale yale. Wazazi wakaanza kuhamisha watoto. Wengi wetu tulitaka kundi zima lifukuzwe. Mwalimu Ndunge alisimama mkutanoni akasema mbabe akiondoka kiti chake hakikai kitupu, akaomba apewe muhula mmoja.

Aliwaita Saado, msichana aliyesikilizwa na wenzake wa Eastleigh, na Sylvance wa Tassia. Hao wawili hawakuwa wakisalimiana.

“Siwaombi mpendane,” aliwaambia. “Mataifa hayapendani. Akiguswa mmoja, mwingine asimame. Basi.”

Tangu siku hiyo makundi hayo mawili yaliingia na kutoka pamoja. Alipozuiwa wa Tassia, wa Eastleigh nao walisimama pale pale mpaka apite. Kabla ya katikati ya muhula lango lilikuwa huru, na chumba cha walimu kilijaa pongezi.

Pongezi hizo zilikuja mapema mno. Walioungana waliionja nguvu, wakanogewa nayo. Wakawafungia wa Kariobangi uwanja, kisha wakapanga kuwapiga siku ya kufunga shule. Mwalimu alipata habari. Alasiri hiyo ya kufunga shule alitoka langoni akiwa bega kwa bega na Gordon Wakoli, mbele ya umati ulioshika mawe.

“Madam, si ulikuwa na sisi?” Sylvance alipaza sauti.

“Nilikuwa na waliokuwa wanyonge. Leo wanyonge ni hawa.”

Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yao. Halafu Saado akaliangusha jiwe lake, akavuka, akasimama upande wa pili wa Gordon. Wenzake wa Eastleigh wakamfuata mmoja mmoja. Sylvance aliwatazama, akaona amebaki na wachache, akawaambia watu wake waende nyumbani.

Muhula uliofuata makundi matatu yaliketi na kukubaliana kuutumia uwanja kwa zamu. Lakini Mwalimu alilipia. Kuna wenzetu waliomwita kigeugeu. Mzee Ondiek alikuja hadi chumba cha walimu akafoka:

“Mwanangu alivunjwa mkono, na wewe unamsindikiza aliyemvunja!”

Jumamosi Mwalimu alikwenda Tassia kumwona. Hakukaribishwa kiti. Akaenda tena. Mara ya tatu mama wa nyumba alimpa chai, na mzee akakaa naye. Aliniambia baadaye kwamba safari zile zilimwogopesha kuliko mawe, kwa sababu mzee alikuwa na haki ya kukasirika.

Kwenye mkutano wa wazazi mwaka huo Mzee Ondiek aliomba nafasi. “Wakoli sijamsamehe,” alisema. “Lakini siku hizi mwanangu anarudi nyumbani mzima. Mwalimu huyu asiguswe.” Akaketi.

Gordon sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma. Milango mipya ya maabara ni kazi yake. Saado anasomea shahada ya pili ya uhusiano wa kimataifa chuo kikuu, na hurudi kubishana na mwalimu wake kuhusu kila vita vinavyotangazwa redioni. Uwanja bado unachezwa kwa zamu, ingawa kila Kidato cha Kwanza kipya hujaribu kuuteka, na kila mwaka huwa lazima mtu atoke kuwazuia.

Mwalimu Ndunge, asante kwa kutoka kila mara ulipohitajika. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua lipande, uwe na afya na wageni wanaokuchekesha. Tunakuombea maisha mema. Langoni tutasimama sisi.