Bi Rabiata na Nukta ya Hina kwenye Mashine ya Santuri

Mimi nina miaka themanini na minne. Nimezika jenereta tatu, nimezika matajiri wangu wawili, na yule daktari aliyesema moyo wangu hautaufikia mwaka 2000, hitima yake nimeisoma mwenyewe. Basi nani mwingine wa kumwandika Bi Rabiata Madi? Ni mimi, Msaidié, fundi injini. Kiswahili changu ni cha melini, nilikipata ujanani kwenye safari za Mombasa, na kinanitosha. Wenye Kifaransa waandike chao.

Bi Rabiata anastaafu tarehe 30 Juni 2012. Kwa miaka thelathini na minne amepiga santuri kwenye arusi za kina mama, kwanza kisiwani Nosy Be, halafu mjini Mahajanga. Alikuja Hell-Ville, mji wa Nosy Be, mwaka 1977 akitoka Mahajanga, mjane na watoto wawili, baada ya yale yaliyotupata kule, ya damu na kufukuzwa, ambayo si ya kuandikwa kwenye karatasi ya sherehe. Mwaka uliofuata Bwana Djaanfar, aliyekuwa akikodisha vyombo vya muziki, akamwajiri. Kwenye shughuli ya wanawake mwanamume haingii, na mashine haijipigi yenyewe. Mimi nilikaa nje ya ukuta na jenereta. Kwa hiyo kazi ilikuwa yetu wawili: yeye ndani na sahani, mimi nje na dizeli.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya gurudumu la mpira. Mota inazungusha kigurudumu, kigurudumu kinasukuma ukingo wa sahani inayobeba santuri. Hiyo ndiyo mashine. Ukiiwasha inaondoka saa ileile, ina nguvu kama punda. Bi Rabiata alilalamika kwamba inanguruma mpaka kwenye spika. Mimi nasema ngurumo kidogo haijavunja ndoa ya mtu.

Ya pili ilikuwa ya mkanda. Kimya, kweli, lakini joto la Nosy Be liliulegeza mkanda ule kama kamba ya kanga kuukuu. Bi Rabiata aliuchemsha kwenye sufuria mpaka ukajikaza. Siku moja mgeni alifunua sufuria akidhani ni tambi, akaomba sahani. Bi Rabiata alimjibu kwamba sahani ipo, ila inazunguka.

Ya tatu iliingia mwaka 1984. Bwana Djaanfar aliiagiza kwa fedha nyingi kwa sababu Bi Rabiata aliisifia. Haina mkanda wala kigurudumu. Mota iko chini ya sahani, ndiyo inayoishika. Ina kidude cha kusogeza juu na chini, cha kuongeza mwendo na kuupunguza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kijijini Ambanoro, arusi ya Fatoumia.

Jioni ya kabla ya arusi kina mama walifanya mazoezi. Mwimbaji wao alikuwa Bi Kouraichia. Huyu aliimba akiifuata santuri, na wenzake wakamwitikia kwa matari. Sahani ikaanza, na wimbo ukatoka mwembamba, una haraka, kama mtu anayekimbizwa. Bi Kouraichia alipofika pale pa juu sauti ikamkatikia. Matari yakanyamaza. Nilisikia mwenyewe nje. Mama wa bibi arusi akasema mashine mbovu, wamezizoea zile za zamani, zirudishwe. Zilikuwa zimeshauzwa. Bwana Djaanfar akatuma neno: kesho ikiharibika, mashine inarudi ilikotoka na Rabiata anarudi kwao. Kwao wapi, wakati huo? Hakuwa na pa kurudi.

Akatoka nje kwangu. Hakulia. Alisimama karibu na jenereta, akasikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

“Kaka, hii injini umeipunguza mwendo tangu lini?”

Nikamwambia tangu dizeli ilipoadimika, miaka mingi, kwa amri ya tajiri, na hakuna fundi mwingine ambaye angeituliza injini namna ile bila kuizima. Hilo nalisema mpaka leo.

Akacheka mpaka akakaa chini. “Basi watu wote hawa wamejifunza nyimbo za injini yako.”

Akanieleza. Mashine ya gurudumu na ya mkanda mota zake hufuata umeme: jenereta ikienda polepole, na sahani inakwenda polepole. Hii ya tatu ina akili yake, inashika mwendo wake hata jenereta ikisinzia. Nyimbo zile redio hazikuzipiga, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kwetu zilikuwa zimeshuka. Mashine mpya ilikuwa sahihi. Sisi ndio tuliokuwa chini.

Akarudi ndani. Angeweza kuwaambia kina mama kwamba wamekosea miaka yote. Hakusema. Aliteremsha kile kidude taratibu, Bi Kouraichia akiimba, mpaka sauti na sahani zikakutana. Akachovya kidole kwenye hina ya bibi arusi akatia nukta mahali pale. Akawaambia mashine ilikuwa na uchovu wa safari, sasa imepumzika. Matari yakaanza, na mimi huko nje nikapumua. Arusi ilifana. Bwana Djaanfar hakutaja tena kurudisha kitu wala mtu.

Mwaka 1993 kazi ikahamia Mahajanga, na Bi Rabiata akarudi kwao kwa miguu yake mwenyewe. Huko kuna umeme wa mji na wimbo unakwenda mwendo wake. Lakini Bi Kouraichia akialikwa kuimba, kidude kinashuka kwenye nukta. Kila arusi ina hina mpya, na kila arusi Bi Rabiata huipaka nukta ile upya.

Ahsante, dada. Mashine unaondoka nayo, watoto wa Djaanfar wamekupa. Kaa kwako, kunywa chai yako, na Mungu akupe siku ndefu zisizo na haraka. Ile ya gurudumu bado ndiyo bora, utakubali siku moja.

Anayebisha haya amwulize Bi Kouraichia, yupo Ambanoro na anaimba. Amwulize Fatoumia, sasa ana wajukuu. Jenereta ile haitasema kitu, niliifukia mwenyewe Belobaka, nje ya Mahajanga.