Kwaheri Fundi Ukungu, Mng'arishaji wa Taa za Watu

Jumamosi hii, tarehe thelathini, ndugu yetu Fundi Ukungu anatundika aproni yake kwenye msumari wa gereji baada ya miaka ishirini na sita ya kung'arisha taa za magari ya watu. Nasema "za watu" makusudi, mbele mtaelewa. Mwenye gereji ameniomba niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye niliyemshikia ndoo ya maji miaka yote hiyo. Amenisihi niandike kwa heshima. Nitajaribu, ingawa huyu ni mtani wangu, na utani wa zamani haufi kwa sababu ya sherehe.

Wageni wasioijua kazi yetu waelewe hivi. Taa ya mbele ya gari ina uso wa plastiki. Jua likiipiga miaka mingi, inakuwa njano, kisha inashika ukungu, mpaka gari linakutazama kama mlevi aliyeamshwa kwa fujo. Mwenye pesa hununua taa mpya. Asiyekuwa nazo humpigia simu Fundi Ukungu, naye humfuata alipo: nyuma ya hospitali, mlangoni pa shule, chini ya ngazi za ofisi. Huzungushia taa tepu ya karatasi ili asikwaruze rangi ya gari. Huisugua kwa msasa na maji, kwanza mkali, kisha laini, kisha laini kama ulimi wa paka. Hupaka polishi. Mwisho hupuliza kilia, ile rangi isiyo na rangi, ili jua likirudi likute mlango umefungwa.

Tulianza na baiskeli. Yeye aliendesha, ndoo ikining'inia kwenye usukani, na mimi nilikaa kwenye keria nikiwa nimekumbatia chupa za polishi kama mama aliyetoka kujifungua. Kila tulipopita shimo, nusu ya ndoo iliishia kifuani kwangu. Wateja walidhani mimi ndiye ninayeoshwa. Baadaye ikaja pikipiki, na hatimaye kile kigari cheupe mnachokiona pale uani. Tulitaka iandikwe "Fundi anaondoa ukungu", lakini mchoraji wa maandishi alimaliza nafasi mapema, akaandika FUNDI UKUNGU kwa herufi za kuonekana ng'ambo ya pili ya barabara, na neno "anaondoa" akalibana chini karibu na tairi. Mwaka mzima watu walituuliza kwa nini tunajitangaza kuleta ukungu.

Hakuna asiyekumbuka kisa cha mwalimu wa udereva. Taa ikishapitiwa na msasa wa kwanza, kabla ya polishi, huwa nyeupe kabisa kama uji. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini yule mwalimu alitoka kunywa chai, akaona macho yote mawili ya gari lake yamepofuka, akapiga yowe kwamba ameibiwa mchana kweupe. Akaruka ndani, akawasha, akaondoka. Fundi akamkimbilia katikati ya barabara, msasa mkononi, tepu imemganda kwenye kiwiko, akipaza sauti: "Mwalimu, rudi! Bado hujaiva!" Mwalimu alirudi baada ya trafiki kumuuliza kama na wanafunzi wake huwafundisha wakiwa wamefumba macho. Tangu siku hiyo Fundi haanzi kazi mpaka ufunguo wa gari uingie mfukoni mwake. Na kwa kuwa mfuko wake ni mrefu na kumbukumbu yake ni fupi, kuna asubuhi mtaa mzima ulikosa mkate, maana ufunguo wa gari la mkate ulikuwa umelala nyumbani kwake ndani ya suruali.

Aliyeukuta ni shemeji, mkewe. Hapo sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Shemeji ameshona mashuka ya hospitali maisha yake yote na amestaafu kabla ya mumewe. Binti yao ameolewa mji wa mbali na ana watoto mapacha, ambao babu yao wanamjua kama sauti ya simu inayokohoa. Shemeji anataka wahamie huko mapacha wangali wadogo, wa kubebeka mgongoni. Kwenda kwao ni safari ya siku nzima na kipande kizuri cha usiku. Na gari lao, lile la mgongo mrefu linalolala nyuma ya nyumba chini ya turubai, lina taa ambazo sijawahi kuona mfano wake: njano kama kiini cha yai, kuku wenyewe walikuwa wakizitazama kwa upendo.

Kinyozi hajinyoi, tulisema, tukacheka. Mwaka juzi shemeji alifunga mizigo. Fundi akasema hawezi kumpeleka mke wake gizani na taa zile, angoje kidogo azishughulikie. Mizigo ikafunguliwa. Mwaka jana ikafungwa tena, naye akasema maneno yale yale, na barua ya kustaafu akairudisha mfukoni. Mtu anayefungua macho ya gari la jirani kabla chai haijapoa alikuwa hana nafasi na gari lake. Shemeji hakuwa mjinga. Siku moja alinikuta nikijaza ndoo, akaniambia, "Shemeji, huyu mwenzako haogopi giza. Anaogopa kufika mahali ambapo hakuna atakayemwita fundi." Nilimwaga maji nikajaza upya.

Safari hii shemeji hakumbembeleza. Alimpigia binti yake akamwambia atakwenda kwa basi, peke yake, mwisho wa mwezi, na mume atakayetaka kumfuata njia anaijua. Kisha akafunga begi moja tu.

Jumapili iliyopita nilipita kwao kupeleka kopo la kilia. Nikamkuta Fundi amepiga magoti mbele ya gari lake, turubai chini, kuku wamehamishwa. Taa ya kulia ilikuwa imekwisha, safi kiasi cha kuona skrubu za ndani. Ya kushoto alikuwa ameifikisha kwenye msasa wa kati, na kifundo cha mkono wake, kile kinachomsumbua tangu masika, kilikuwa kimegoma. Nikasema nimsaidie. Akaniambia nisithubutu, kwamba miaka yote ameniajiri kwa ajili ya maji na utani, na kati ya hivyo viwili anachoridhika nacho ni maji.

Shemeji akatoka jikoni. Akavuta kigoda, akamsogeza mumewe kwa nyonga kama mtu anayesogeza gunia, akachovya msasa kwenye ndoo, akaanza kusugua. Fundi akawa anaelekeza, "Pole pole, mke wangu, si sufuria hiyo," naye akawa anajibu, "Nimekusikiliza ukiota kazi hii usiku, nyamaza." Wakaenda hivyo mpaka polishi.

Ilipokauka, taa ilikuwa nzuri. Lakini kwenye pembe ya chini, karibu na indiketa, kilibaki kiwingu kidogo, saizi ya kucha. Fundi alikiona kabla yetu. Namjua: kwa kiwingu kama kile amewahi kumrudisha mteja aliyekwisha kulipa na kuaga. Akauchukua msasa kwa mkono wake mbovu. Shemeji akamshika kidole kimoja tu, akasema, "Mimi naona njia. Wewe je?"

Alikitazama kile kiwingu mpaka kuku mmoja akathubutu kurudi juu ya boneti. Kisha akaweka msasa chini, akaniomba lile kopo, akapuliza kilia juu ya taa nzima, na kiwingu kikafungiwa ndani yake. Hakitoki tena kile. Akaniambia nimwambie mwenye gereji kwamba barua yake ya kustaafu safari hii hairudi mfukoni.

Fundi, kwa niaba ya gereji, ya waendesha teksi, ya wauguzi wa zamu, ya gari la mkate na hata ya mwalimu wa udereva, tunasema asante. Umetufanya tuonane barabarani. Kigari cheupe tutakitunza. Shemeji, asante kwa kutuazima mtu wako, na samahani kwa kuchelewa kumrudisha.

Tokeni alfajiri, jioni iwakute mmekwisha vuka milima. Maisha yenu huko yawe mema na marefu. Na wewe, mtani, ukifika, usitoke kuangalia taa za majirani. Piga magoti sebuleni, mapacha wakupande mgongoni, na wao wachague watakuita nani.