Wilhelmina Bujiku na Maji ya Mfereji wa Machinjioni

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo, Wilhelmina Bujiku, alizaliwa Nyashimo tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Thomasi Bujiku na Mama Felisita, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1966, akamaliza kidato cha nne Mwanza mwaka 1970, akajifunza kazi ya maabara, na mwaka 1977 akapelekwa na Serikali Tbilisi, nchini Jojia, ambako kwa miaka mitatu alijifunza kutibu kwa virusi ambavyo havimdhuru mtu, bali huua bakteria.

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa na Mwalimu Sylvester Bundala, wakajaliwa Deogratias na Specioza, naye akifanya kazi maabara ya hospitali hapa Bariadi.

Maduka ya dawa yalipofunguliwa kila mahali, watu walinunua vidonge viwili viwili bila kumaliza dozi, bakteria wakazizoea dawa, na tarehe 10 Juni 1996 akaletwa Mashimba wa Nkoma, mfugaji, aliyechomwa pembe mguuni na kidonda kikakataa kupona, Daktari Constantine Masunga akapanga kuukata mguu tarehe 15 Julai. Marehemu aliziomba siku zilizobaki kabla ya upasuaji, akachota maji ya mfereji wa machinjioni, maana bakteria wanapojaa ndipo virusi vyao huishi, akayachuja, akapata humo virusi vya kuua bakteria wa kidonda kile, na Mashimba akamwambia mbele ya wagonjwa wote, "Mayu, mama yangu, hayo maji hata ng'ombe wangu hawanywi," kisha akaunyoosha mguu.

Siku ya tano usaha ulipungua, akarudi kwake na chupa ya dawa, lakini kidonda kikachafuka upya, kwa kuwa mkewe, Generoza, aliichemsha dawa ile, kama marehemu mwenyewe alivyowafundisha akina mama kuchemsha maji wakati wa kipindupindu, na virusi vyote vikafa. Marehemu alisema kosa ni lake, akatengeneza dawa nyingine, akakaa Nkoma siku tisa akikifunga kidonda kwa mikono yake, na tarehe 15 Julai daktari alipofungua bandeji alikuta nyama nyekundu, safi, akalifuta jina la Mashimba katika orodha ya upasuaji.

Walifuata wagonjwa wengine thelathini na mmoja waliopona, majina yao yamo katika daftari lake, na kila chupa aliiandika, ISICHEMSHWE.

Aliugua figo tangu Machi mwaka huu, akalazwa Mwanza, akafariki tarehe 4 Agosti 1999.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, majirani, wenzake wa maabara, na Mashimba, aliyekataa kupanda gari, akaja kutoka Nkoma kwa miguu, yote miwili.

Wilhelmina, mguu ule umefika, nawe sasa pumzika kwa amani.